Jinsi nilivyolinganisha sintesaiza kabla ya kununua

Mimi ni mpiga kinanda wa kusindikiza waimbaji. Kuna wimbo mmoja ninaoupiga mara kwa mara: unaanza na piano peke yake, kwenye kiitikio zinaingia stringi (sauti za fidla na jamii yake), katikati ogani inapokea, halafu piano inarudi huku waimbaji wakiwa bado wameshikilia noti ya mwisho. Nilipoamua kununua sintesaiza mpya, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti za ala mbalimbali, wimbo huo niliufanya mtihani. Kila kinanda kilichoingia kwenye orodha yangu kilipaswa kuumudu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sikutaka kujua bei wala sifa za kinanda kilichoshindwa.

Lakini kwanza ilibidi nijue natafuta aina gani, maana sintesaiza ni nyingi na kazi zake si moja. Zipo za analogi, ambazo sauti yake huzaliwa kwenye saketi za umeme. Minimoog Model D ya mwaka 1970 ililia noti moja tu kwa wakati. Prophet-5 ya 1978 ikafikisha noti tano. Yamaha DX7 ya 1983 ikaja na usanisi wa FM wa kidijitali, ambao huunda sauti kwa wimbi moja kuyumbisha jingine, na noti 16 kwa pamoja. Kisha Korg M1 ya 1988 ikakusanya sampuli (rekodi fupi) za ala halisi, efekti (mapambo ya sauti kama mwangwi) na sikwensa (kifaa cha kupanga noti zijipige zenyewe) ndani ya kinanda kimoja, na vinanda vingi vya jukwaani tunavyoviona leo vinafuata njia hiyohiyo.

Naipenda sana Korg Minilogue. Ukizungusha kirungu cha filta, yaani kichujio cha sauti, unasikia sauti ikifunguka papo hapo, na hakuna sampuli inayokupa raha ile. Ila ina sauti nne tu, yaani noti nne kwa wakati, na funguo 37 zilizo nyembamba kuliko kawaida. Kwa anayetunga muziki studio ni hazina. Kwa mtu anayepiga piano kwa mikono miwili nyuma ya waimbaji, kidole cha tano kikigusa tu, noti ya kwanza inakatwa. Analogi nikaziweka kando, nikabaki na vinanda vya sampuli vyenye funguo 61. Walioongoza orodha walikuwa Roland Juno-DS61, Korg Kross 2 na Yamaha MODX6.

Karatasi za sifa nilizitumia kuchuja tu. Uzito: Kross 2 ya funguo 61 ina kilo 3.8, Juno-DS61 ina 5.3, MODX6 ina 6.6. Vyote vitatu mtu mmoja anavibeba begani bila taabu. Ukitaka MODX ya funguo 88 zenye uzito kama za piano, unabeba kilo 13.8, na hapo tayari unamtafuta mwenzako wa kukusaidia ngazini. Umeme: Juno-DS61 inaweza kufanya kazi kwa betri nane za AA, Kross 2 kwa sita. MODX inahitaji adapta. Anayepigia mahali ambapo umeme si wa uhakika anapaswa kuanzia hapa, kabla hata ya kusikiliza sauti yoyote, kwa sababu kinanda kilichozimika katikati ya ibada au onyesho hakina sauti nzuri wala mbaya. Mimi sehemu ninazopigia zina umeme, kwa hiyo hilo halikunizuia.

Jambo ambalo watu wengi hulipita ni polifonia, yaani idadi ya sauti zinazoweza kulia kwa pamoja. Juno-DS inatoa 128, Kross 2 hadi 120, MODX inatoa 128 kwa upande wa sampuli na nyingine 64 kwa upande wa FM. Ukiona 128 unadhani huwezi kuzimaliza, kwani vidole ni kumi tu. Hesabu haiendi hivyo. Piano ya stereo kwa kawaida hutumia sauti mbili kwa kila noti, moja kushoto na moja kulia. Pandanisha stringi za stereo juu yake, kila noti sasa inakula sauti nne. Piga kordi ya noti nane kwa mikono yote miwili: umetumia 32. Kanyaga pedali ya sustain, ile inayoshikilia noti hata ukiinua vidole, na ubadilishe kordi mara tatu bila kuiachia, tayari umefika 128. Kuanzia hapo kinanda huanza kukata noti za zamani ili kupata nafasi ya mpya. Vinanda hutofautiana sana katika namna vinavyokata: kimoja huondoa noti iliyokwisha kufifia, hutaihisi, kingine hukunyang'anya bezi iliyokuwa imeshikilia wimbo wote. Jambo hili haliandikwi kwenye karatasi yoyote. Lazima upige usikie.

Kabla ya kugusa kinanda chenyewe nilisoma vitabu vya maelekezo. Watengenezaji wakubwa huviweka mtandaoni bure, na nashangaa ni wachache kiasi gani wanaovisoma kabla ya kununua, wakati humo ndimo mambo madogo yanamokaa wazi: nikibadilisha sauti, ile ya kwanza inaendelea kulia au inakatika? Ngapi zinaweza kupandanishwa? Waya wa USB unapeleka MIDI (taarifa za noti zilizobonyezwa) pekee au na sauti pia? Kuna tundu ngapi za pedali? Kwenye kitabu cha MODX, kwa mfano, nilikuta kwamba kubadilisha sauti bila mkatiko kunawezekana pale tu sauti unayotoka na unayokwenda zina sehemu (tabaka zilizopandanishwa) zisizozidi nne. Matangazo hayatamki sharti hilo. Mimi piano yangu na stringi zake haziwahi kuzidi sehemu nne, kwa hiyo sharti hilo lilinifaa, lakini mwenye kupenda kupandanisha sauti sita au nane angekutana nalo jukwaani.

Sasa majaribio yenyewe. Nilibeba hedifoni zangu mwenyewe ninazozizoea, ili tofauti nitakayoisikia itoke kwenye kinanda na si kwenye spika za mahali pale. Kila nilipokaa mbele ya kinanda, la kwanza lilikuwa kuzima efekti. Sauti ambayo kinanda hutoa ukikiwasha huwa imevishwa mwangwi mwingi, na mwangwi hufunika kila kasoro. Ukiuzima, piano inabaki ilivyo. Kisha nikalinganisha ukubwa wa sauti. Sikio la binadamu huipenda ile iliyo kubwa kidogo hata kama si bora, na bila kuziweka sawa unaweza kumpa ushindi mwenye kelele.

Piano niliipima kwa noti moja. Nilibonyeza do ya katikati kwa nguvu ya wastani, nikaishikilia, nikanyamaza. Sekunde za kwanza vinanda vyote vilikuwa vizuri. Tofauti ilianza baadaye. Sampuli ikiwa fupi, mtengenezaji huirudiarudia kipande chake ili noti iendelee, na ukisikiliza kwa makini unaikuta: uhai wa nyuzi unaisha, mahali pake panakaa mlio ulionyooka, unaozunguka kwa mpigo uleule huku ukipungua. Kwenye wimbo wa haraka hutaujua. Kwenye wimbo wangu, ambao unaanza kwa piano peke yake na noti ndefu, ulikuwa dhahiri. Baada ya hapo noti ileile niliipiga kuanzia kidole kikiwa chepesi kabisa hadi kwa nguvu zote, hatua kwa hatua. MIDI, ambayo tangu 1983 ndiyo lugha ya pamoja ya vinanda hivi, hupima nguvu ya kidole kwa namba hadi 127, lakini sampuli nyuma yake huwa chache. Kinanda kizuri hukupitisha kutoka moja hadi nyingine usijue. Kimoja nilichopima kilikuwa na ngazi unayoihisi wazi: kidole kikiongeza nguvu kidogo tu, sauti inaruka kutoka upole hadi ukali. Kukipiga kwa hisia ni kazi, maana mkono unakwepa ile ngazi muda wote.

Funguo nazo zina jaribio lake, na hili ningemwomba kila mtu alifanye hata kama mengine ameyaacha. Usibonyeze ukingoni mwa ufunguo mweupe tu, karibu na wewe. Ingiza kidole hadi ndani, katikati ya funguo mbili nyeusi, ubonyeze hapo. Ufunguo ukiwa mfupi kwa ndani, sehemu hiyo huwa ngumu mno, na noti hutoka dhaifu au haitoki. Kordi nyingi zenye shapu na flati hupeleka vidole hukohuko ndani, kwa hiyo anayepiga kwenye E flati au A flati atalipata tatizo hili kila siku. Kwa upande wa funguo nzito za piano, nilizipenda kwa piano, lakini kuteleza kiganja juu yake ukiwa kwenye ogani kunaumiza na kunachelewesha. Wimbo wangu una ogani katikati. Funguo nyepesi zikashinda.

Jaribio la mono nalo nililipa muda. Mifumo mingi ya sauti jukwaani ni ya mono, yaani kushoto na kulia huunganishwa kuwa kitu kimoja, hata kama kinanda chako kina stereo ya kupendeza kwenye hedifoni. Nilichomeka waya mmoja kwenye tundu la kushoto, lile lililoandikwa L/MONO, nikapiga piano ileile. Piano iliyorekodiwa kwa upana mkubwa inaweza kukonda ghafla pande mbili zikiunganishwa, kwa kuwa mawimbi ya upande mmoja hupingana na ya upande wa pili. Usihukumu kinanda kizima kwa hilo, kwani mara nyingi ndani yake ipo piano nyingine iliyoandaliwa kwa mono. Itafute, maana hiyo ndiyo watu watakayoisikia.

Ukaja wimbo. Nilipanga sauti zangu nne kwa mpangilio wake kwenye kila kinanda, na hapo hapo nikajua mengi kuhusu nani alifikiria mpigaji wa jukwaani. Kwenye MODX nilizipanga kwenye ukurasa wa Live Set, ambao una nafasi 16 kwenye skrini ya kugusa, kila moja ni kubwa ya kutosha kidole kisikosee gizani. Nikapiga. Nilipofika mwisho wa sehemu ya ogani, mkono wa kulia ukiwa umeshikilia kordi, kwa mkono wa kushoto nikagusa piano. Ogani iliendelea kulia chini ya vidole mpaka nilipoachia, na noti iliyofuata ikatoka piano. Kwenye vinanda vingine nilivyopima, wakati kama huo ogani ilikatika, au mwangwi wake ulipotea kwa mkupuo na kuacha tundu. Tundu hilo ni dogo, lakini linaanguka pale ambapo waimbaji wameshikilia noti bila chochote kingine chini yao, na kila aliye ukumbini analisikia.

Nikanunua MODX6. Piano yake kwa noti ndefu niliiridhia, ogani ni nzuri, na ule waya mmoja wa USB unaopeleka sauti na MIDI kwenye kompyuta umenirahisishia kurekodi mazoezi. Isichokuwa nacho nilikijua kabla: funguo zake hazihisi kidole kinapozidi kukandamiza baada ya noti kulia, jambo ambalo wapiga stringi na brasi hulitumia kukuza sauti taratibu. Nimelitatua kwa pedali ya kudhibiti ukubwa wa sauti, niliyoifunga kwa stringi pekee. Mguu unazipandisha kwenye kiitikio huku piano ikibaki ilivyo, na kusema kweli mguu una upole kuliko kidole. Kama stringi ndizo roho ya muziki wako na hutaki pedali ya ziada, tafuta kinanda chenye uwezo huo na ukubali gharama yake.

Pedali ya sustain nayo inunuliwe kwa uangalifu uleule. Watengenezaji hawafuati mwelekeo mmoja wa swichi: pedali ya kinanda kimoja ikichomekwa kwenye kingine inaweza kufanya kazi kinyume, noti zikashikwa ukiinua mguu na kukatika ukikanyaga. Baadhi ya vinanda hujirekebisha vyenyewe vikiwashwa huku pedali imechomekwa na haijakanyagwa, na baadhi vina mahali pa kurekebisha kwenye menyu. Mimi nilichukua pedali yenye kiswichi kidogo chini yake cha kugeuza mwelekeo, ili inifae hata nikialikwa kupiga kinanda cha mtu mwingine.