Mbegu za karanga zilizooza shambani kwa shangazi

Shangazi yangu alinunua kwangu debe mbili za karanga za mbegu, akazipanda mvua za Desemba zilipokolea. Wiki mbili baadaye akaniita shambani. Alitangulia kwenye mistari bila kusema neno, nami nyuma yake naona mapengo: hatua nne hakuna mche, halafu mche mmoja, halafu hatua tatu tena hakuna kitu. Akafukua shimo kwa kidole, akanionyesha punje iliyooza. "Mwanangu, mvua ndiyo hii, na mbegu nyingine sina."

Hela yake nilimrudishia, lakini msimu haurudishwi. Huku Kongwa, mkoani Dodoma, mvua tunayo moja tu kwa mwaka, ukiikosa unasubiri hadi Desemba nyingine. Jambo lile liliniuma sana.

Ukizitazama, karanga zile hazikuwa na kasoro yoyote. Zilikuwa Pendo, ile aina inayokomaa kwa siku 90 hadi 100, nami nilizichambua mwenyewe usiku kucha. Tulizokaanga zilikuwa tamu. Bwana shamba wa kata alipokuja aliniuliza maswali mawili: "Mama, ulizianika wapi? Na wakati wa kupukuchua, mapepe yalikuwa mengi kiasi gani?" Nilizianika uani, juu ya ardhi iliyofagiliwa, jua kali. Mapepe, yale maganda matupu yasiyo na punje, yalikuwa mengi, ila sisi mapepe tunayaona kila mwaka na kila mwaka tunasema ni mvua.

Akachukua punje nilizobakiza, akazipasua vipande viwili moja baada ya nyingine. Pale katikati pana kichipukizi kidogo ambacho ndicho kinakuwa mche. Katika punje nzima huwa cheupe, chenye uhai. Katika punje zangu kadhaa kilikuwa kahawia, na nyingine kimekuwa cheusi kabisa. "Hizi ziliharibika zikiwa bado ardhini," akasema. "Udongo wako umepungukiwa kalsiamu. Na zile zilizosalimika ukazimaliza kwa jua."

Nilikuwa nalima karanga tangu utotoni, na habari ile ya kalsiamu sikuwahi kuisikia. Mimea hupandisha kalsiamu kutoka mizizini pamoja na maji, na maji hukimbilia majani, kwa sababu majani ndiyo yanayoyapoteza hewani. Karanga inajazia tunda lake chini ya udongo, ambako maji hayapotei hivyo, kwa hiyo kalsiamu iliyokwisha kufika majani haishuki tena kulilisha. Ganda lazima lijinyonyee lenyewe kutoka kwenye udongo unaoligusa, zile sentimita chache za juu ambamo vile vikonyo vya maua vinazama na kuwa maganda. Udongo wa pale ukiwa mkavu au hauna kalsiamu, ganda linakua na ndani halina kitu, au lina punje iliyonona yenye kichipukizi kilichokufa. Shamba langu la juu ni kichanga, na kichanga hakishiki madini kwa muda mrefu.

Tiba niliyopewa ni jasi, madini yenye kalsiamu, hii hii inayochimbwa Itigi. Chokaa nayo ina kalsiamu, lakini inayeyuka taratibu, hivyo huchanganywa na udongo mapema kabla ya kupanda, na inafaa zaidi pale udongo ulipo na tindikali. Jasi inayeyuka upesi na haibadilishi tindikali ya udongo, kwa hiyo unaweza kuiweka wakati mmea unaihitaji, yaani unapoanza kutoa maua. Nilitumia kilo 80 kwa ekari. Niliinyunyiza juu ya mstari, pale ambapo vikonyo vitazama, sikuifukia kama mbolea. Palizi niliimaliza kabla ya hapo, maana jembe likipita baadaye linakata vikonyo, na kila kikonyo kilichokatwa ni ganda lililopotea.

Sikutaka kuamini kwa kuambiwa tu, hasa baada ya aibu ile. Nusu ekari niliigawa mapande mawili, yote nikayawekea samadi iliyooza vizuri, jasi nikaiweka pande moja. Katikati ya mistari nilifunga matuta kwa vizuizi vya udongo ili maji yasikimbie. Hilo la matuta naliona muhimu sawa na jasi yenyewe, kwa sababu udongo ukikauka ganda haliwezi kunyonya kitu hata ungemwaga gunia zima. Tena ukame wa mwisho wa msimu ndio unaofungua mlango kwa kuvu wanaotoa sumukuvu, ile sumu inayoweza kumuua mtu, wakati karanga ingali ardhini. Sisi wa Dodoma na jirani zetu wa Manyara hatuhitaji kukumbushwa sumukuvu. Mwaka 2016 ilitulaza watu hospitalini na wengine tukawazika, wakati ule zaidi kwa sababu ya mahindi.

Siku ya kuvuna sikufuata kalenda. Niling'oa mashina machache pande tofauti za shamba, nikapasua maganda nikatazama upande wa ndani. Ganda changa ndani ni jeupe, lililokomaa lina madoa ya kahawia iliyokolea. Maganda mengi yalipokuwa na madoa, tukang'oa udongo ukiwa bado na unyevu. Pendo haivumilii kusubiri, mvua ya mwisho ikiikuta imekomaa inachipua humo humo ardhini. Na udongo wetu ukishakauka unakuwa kama saruji. Wazee wa hapa wanaujua mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 hapa hapa Kongwa na kuachwa mwaka 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni. Ugumu huu wa udongo wakati wa kiangazi ni mmoja wa maadui walioushinda, mashine na yote. Jembe langu la mkono litaweza nini? Ganda lililokatwa na jembe, hata kovu dogo, nililiweka kando. Hilo haliwi mbegu, na kuvu hupitia hapo.

Kukausha ndiko nilikobadilika zaidi. Karanga inapong'olewa punje ina maji kati ya asilimia 35 na 50, na ili ihifadhike salama ikiwa na ganda inapaswa kushuka chini ya asilimia 10. Zamani nilikuwa na haraka, nataka zikauke kwa siku tatu ili niuze. Mbegu iliyokimbizwa na jua hivyo ngozi inabanduka, punje inapasuka nusu mbili ukiimenya, na joto linaua kichipukizi bila kuacha alama yoyote ya kuonekana kwa nje. Inashauriwa mbegu isikaushwe kwa joto linalozidi nyuzi 35 za Selsiasi. Udongo mtupu wa uani saa saba mchana unapita hapo mbali sana, mguu wenyewe hauwezi kukanyaga. Tena chini kuna vumbi lenye kuvu, kuku wanapita, na umande unazirudishia maji usiku.

Safari hii mashina tuliyalaza shambani siku mbili, maganda yakitazama juu yasiguse udongo. Kisha tukayachuma maganda. Nusu ya kila pande niliianika uani kama zamani, nusu nikaitandaza kwenye kichanja cha miti chini ya paa la nyasi, tabaka jembamba, upepo unapita juu na chini. Asubuhi na jioni nilizigeuza kwa mkono. Zilichukua siku kumi na mbili. Mume wangu alikuwa akiuliza kila siku, "Bado tu?" Nilijua zimekauka zilipoanza kulia ndani ya ganda ukizitikisa, na punje ukiiuma inakatika badala ya kubonyea.

Niliziweka kwenye magunia ya katani zikiwa na maganda yake, juu ya mbao, mbali na ukuta. Nilizimenya wiki moja tu kabla ya kupanda, kwa mkono, kavu. Najua kwa nini kina mama wengi wanayalowanisha maganda kwanza: vidole vinauma hadi vinachubuka, na wanunuzi hawalipi zaidi kwa maumivu yako. Lakini maji yale yanaamsha kuvu na kuharibu mbegu, kwa hiyo nilitafuta wasaidizi nikawalipa kwa debe.

Novemba nikahesabu punje mia moja kutoka kila fungu, nikazifukia kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya mabeseni manne, siku kumi. Lenye jasi na kichanja ziliota 91. Jasi na jua la uani, 68. Bila jasi ila kichanjani, 70. Bila jasi na juani, 44. Ni shamba moja na msimu mmoja, sisemi kwako zitatoka hizi hizi. Ila nilipoyaona yale mabeseni yamepangana ukutani nilikaa chini nikalia, maana mbegu za namna ya lile la nne ndizo nilizomuuzia shangazi.

Nilimpelekea debe mbili za fungu la kwanza, sikutaka malipo. Hakuzipokea hadi nilipombebea na beseni lake akahesabu mwenyewe, mche kwa mche, kwa kidole kile kile. Mwezi Januari akaniita tena shambani. Safari hii alitembea nyuma yangu. Tulipofika mwisho wa mstari palikuwa na pengo la kama hatua mbili, nikainama kufukua, akanishika bega. "Hapo acha, mwanangu. Hapo ni kindi, nimemwona kwa macho yangu."