Mwenyeji Akiwa Amezimwa

Hajji alipiga simu Jumatatu asubuhi na hakuanza na salamu. Mtu wa Kariakoo wa umri wake akikupigia bila hata kukujulia hali, ujue kuna msiba au kuna deni. Alisema tu, "Njooni dukani, wote watatu. Na hicho kijitabu chenu mje nacho."

Ilikuwa 2008. Hajji alikuwa ameagiza kutoka China vile vidude vya kusikilizia muziki wa MP3, vidogo kama kiberiti, vyenye redio ya FM, sehemu ya kurekodi sauti na tundu la kadi ya memori. Ndani ya kila boksi kulikuwa na kijitabu cha Kiingereza. Yeye akataka cha Kiswahili, kwa sababu wateja walikuwa wanarudisha vidude vizima wakidhani vibovu. Kazi ikatua kwetu, watafsiri watatu tuliokuwa tukichangia chumba kimoja pale Ilala: mimi wa Dar, dada mmoja wa Mombasa na kaka mmoja wa Unguja.

Kurasa zilikuwa 24. Tukagawana nane nane kama karanga. Baada ya siku nne tukazibandika, tukahakikisha namba za kurasa zinafuatana, tukampelekea Hajji. Hakuna kati yetu aliyeisoma ya mwenzake toka mwanzo hadi mwisho. Bahati nzuri Hajji ni mfanyabiashara wa zamani, hachapi kitu kabla ya kukijaribu. Alitoa fotokopi chache, moja akampa mama yake pamoja na kidude kipya.

Tulimkuta huyo mama nyuma ya kaunta, kwenye kiti cha plastiki, miwani puani, fotokopi mapajani imekunjwa kunjwa.

"Shikamoo bibi," tukasema kwa pamoja kama wanafunzi.

"Marahaba wanangu. Nani kati yenu kaandika ukurasa wa ishirini na moja?"

Nilikuwa mimi.

Ukurasa wa 21 ulihusu utunzaji. Nilikuwa nimeandika: "Kadi isiposomeka, itoe, ifute, kisha uirudishe." Nilimaanisha kitambaa. Vile vipande vya shaba kwenye kadi hushika vumbi na jasho la vidole, ukivipitishia kitambaa kikavu mara nyingi kadi inasomeka tena. Lakini ukurasa wa 14, ambao dada wa Mombasa ndiye aliyeutafsiri, ulikuwa na jedwali la maneno yote ya Kiingereza yanayotokea kwenye kioo, kila moja na Kiswahili chake. Mstari wa sita ulisema neno fulani maana yake ni "Futa".

Basi bibi kadi yake imegoma. Anasoma ukurasa wa 21, anaambiwa aifute. Kufuta kunafanyikaje? Anarudi nyuma, anakuta jedwali, anakuta "Futa". Kwa kuwa alishaitoa kadi na kuirudisha kama alivyoagizwa, kadi nayo ikasomeka, ila yeye hakuishia hapo kwa sababu maelekezo hayakusema aishie hapo. Akabonyeza. Kidude kikamuuliza kwa Kiingereza kama ana hakika. Akabonyeza tena.

Kwenye kadi kulikuwa na kasida aliyoisoma mjukuu wake akiwa na miaka sita, kwenye Maulidi, nyumbani kwao. Hapakuwa na nakala nyingine.

Sikujua niseme nini. Kaka wa Unguja akanisaidia kwa kuuliza kama kuna fundi aliyeiona kadi. Ilikuwa imeshapelekwa Mtaa wa Aggrey. Fundi alieleza kwamba faili likifutwa haliondoki papo hapo. Kinachoondoka ni jina lake kwenye daftari la kadi, na nafasi yake inahesabiwa kuwa wazi mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Sasa bibi, kwa kutaka kuhakikisha kuwa kidude bado kinafanya kazi, alikuwa ameshakirekodia mawaidha ya redioni saa nzima.

Hakutukaripia, na nadhani ingekuwa nafuu angetukaripia. Alilamba kidole, akaanza kufunua kurasa, akitusomea kwa sauti kama mtu anayesikiliza masomo ya watoto.

"Hapa mnasema kwenye boksi kuna hedifoni. Haya, zipo. Huku kwenye redio mnasema redio haitashika bila kuchomeka visikilizio. Nimetafuta visikilizio boksi zima. Nikamtuma kijana kwa Hajji akaulize mbona visikilizio vyangu havimo."

Waya wa hedifoni ndio antena ya redio kwenye vidude hivi, kwa hiyo sentensi yenyewe ilikuwa sahihi kabisa. Ila hedifoni ilikuwa ya kwangu, visikilizio vilikuwa vya kaka wa Unguja.

"Huku rudi kwenye orodha. Orodha ipi? Ya nyimbo, au hii ya mambo ya kuchagua?" Hiyo ilikuwa ya kwetu sote. Tulikuwa na neno menyu mkononi tukaliona la mgahawani. "Hapa bonyeza kitufe. Hapa kibonye. Hapa batani. Kidude kina vitano tu, nikajua vingine vimefichwa." Kisha akafika ukurasa wa 11, akasita, akaukaribisha machoni. "Na huyu mwenyeji ni nani?"

Sentensi ilisomeka hivi: "Hakikisha mwenyeji akiwa amezimwa ndipo uchomeke waya." Chini yake: "Usimwache mwenyeji juani."

Hajji, aliyekuwa amenuna muda wote, alicheka mpaka akashika kaunta. Dada wa Mombasa alijifunika uso kwa mtandio. Hata hivyo nitamtetea. Kile Kiingereza kilikuwa kimetoka kwenye Kichina, ambako sehemu kuu ya chombo huitwa "zhuji", na hiyo "zhu" humaanisha kitu kikuu lakini pia bwana au mwenye nyumba. Aliyekitia Kiingereza akachukua mwenye nyumba, akaandika "host". Dada naye akapokea mgeni kama alivyokuja. Kijitabu cha Kiingereza kilikiita kidude kile kile kwa majina manne, nasi hatukugundua kuwa ni kimoja.

Siwezi kusema hatukujua Kiswahili. Mezani kwetu kulikuwa na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, ile ya 1996, imechakaa jalada. Shida ilikuwa kinyume chake. Sote tulifundishwa insha na walimu waliokuwa wakizungushia wino mwekundu neno lililorudiwa. Mimi shule ya msingi nilikatwa alama kwa kuandika "alifurahi" mara tatu kwenye ukurasa mmoja. Nikakua nikiamini kwamba mwandishi hodari ni yule asiyeonekana akishika neno moja mara mbili, na kwenye kurasa zangu nane nilikuwa nimebadilisha kwa makusudi kifaa, chombo, mashine na kidude, nikijisifu moyoni.

Hajji alitupa hadi kesho yake jioni.

Usiku huo nikapendekeza njia ya mkato: tuamue neno moja, kompyuta itafute mengine yote na kuyabadilisha kwa mkupuo. Nikaanza na batani kuwa kitufe. Sekunde chache, badiliko la arobaini na kitu. Tukasoma: "Kitufe kubwa ya katikati ikibonyezwa kwa sekunde 3 itazima mashine yako." Nikabadilisha mashine kuwa kifaa: "itazima kifaa yako". Nikamgeuza mwenyeji: "Usimwache kifaa juani. Kifaa akipata moto mzime mara moja." Tulicheka saa saba za usiku kama wehu, halafu tukanyamaza, kwa sababu tuliona kazi iliyobaki. Kwa Kiingereza ukibadilisha jina la kitu, umemaliza. Kwetu jina linaburuta sentensi nzima nyuma yake: sifa, kimilikishi, kitenzi, kiwakilishi mpaka kile kilichojificha sentensi mbili mbele. Ni kama mkeka, ukichomoa ukili mmoja lazima ufumue hadi pindoni. Hatukuwa na ujanja isipokuwa kurudisha yote kama yalivyokuwa, kuketi na kusoma mstari kwa mstari.

Lakini kwanza tukaandika orodha ya maneno kwenye karatasi, tukaibandika ukutani. Hapo ndipo tulipogombana sana, na kusema kweli ndipo palipokuwa na raha. Kaka wa Unguja alilitetea kibonye kwa saa nzima: kinabonyezwa, kwa nini kisiitwe kibonye? Kitufe kikashinda kwa kura mbili, si kwa hoja. Kioo kikashinda skrini kwa sababu mafundi wote wa Kariakoo wanasema kioo. Hedifoni ikabaki. Orodha ikawa ya nyimbo peke yake, menyu ikakubaliwa na umgahawa wake. Zima ni kuzima kifaa tu. Wimbo ukiukatisha kwa muda, unausitisha. Ukiukomesha, unausimamisha. Kifaa ni kifaa. Na futa, hiyo tuliiandika kwa kalamu nyekundu: ni kuondoa faili basi, haigusi kitu kingine. Vumbi linapanguswa.

Baadaye nilikuja kujifunza programu ya bure ya kutafsiria, OmegaT, ambayo orodha kama ile unaiweka kwenye faili la maandishi ya kawaida, na neno likitokea kwenye matini inakukumbusha pembeni uliamua kuliitaje. Naitumia mpaka leo. Ila ngeli hainirekebishii.

Tulimaliza saa kumi jioni, macho mekundu. Hajji akapeleka kiwandani. Wiki mbili baadaye vijitabu vilipotoka, tulikwenda nyumbani kwake kumpa bibi nakala ya kwanza, pamoja na kadi mpya tuliyoichangia. Mjukuu alikuwepo, sasa ana miaka tisa, amevaa ushungi wa chuoni. Bibi alitaka amrekodi upya pale pale, na alikataa katakata tusimwoneshe cho chote. Akafungua kijitabu akasoma kwa sauti, kila sentensi akiitekeleza kabla ya kwenda nyingine. Bonyeza kitufe cha M. Menyu itafunguka. Chagua mstari wa tatu. Mtoto akakohoa kidogo, akaanza. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyoitarajia. Hakusahau ubeti hata mmoja.

Alipomaliza, bibi akarudi kwenye ukurasa kutafuta namna ya kuhifadhi. Kidole chake kilishuka taratibu, mstari kwa mstari, kikasimama. Akatutazama kwa juu ya miwani.

"Na hii batani imetoka wapi tena?"