Kamba naifunga wapi?

Jumamosi, usiku.

Nimerudi kutoka Mbagala na vumbi la saruji bado liko kwenye kucha. Sitaki kulala kabla sijaandika yaliyotokea leo pale kwenye msikiti.

Kwa wiki tatu nimekuwa nikichora kuba. Ni msikiti mdogo wa mtaa. Juu ya ukumbi wa swala limeachwa duara lenye upana wa mita 8, na wazee wa kamati walitaka kuba lisipande zaidi ya mita 2, ili mtu akitokea barabarani aanze kuuona mnara. Nilifungua SketchUp, programu ya kuchorea majengo kwenye kompyuta, nikachora duara, nikasimamisha robo duara juu yake na kuiburuta izunguke. Nusu tufe likatokea, kimo mita 4. Nikashika kilele, nikalibana kwenda chini mpaka likasoma mita 2. Nikalipaka kijani, nikaliwekea kivuli cha jua la saa kumi alasiri, nikawatumia wazee picha kwa WhatsApp. Wakajibu mashaallah, mmoja baada ya mwingine. Nililala nikiwa na furaha.

Leo nimempelekea fundi mkuu michoro. Ni mtu wa umri wa baba yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete tuone."

Akatandaza karatasi juu ya mifuko ya saruji, akazibana pembe kwa kokoto, upepo usizichukue. Aliangalia kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaweka kidole kwenye mchoro wa mkato, akakipitisha taratibu toka kileleni mpaka ukingoni.

"Hili pinda lako," akasema, "kamba naifunga wapi?"

Sikuwa na jibu. Duara la fundi linazaliwa na msumari mmoja na kamba moja. Pinda langu halikuwa na pa kugongea msumari. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikatoa simu nikapiga hesabu. Kileleni, pinda langu lilikuwa na nusu kipenyo cha mita 8. Ukingoni lilikuwa limekunjwa mpaka mita 1. Na kati ya hizo 8 na hiyo 1, kila sehemu ilikuwa na kipimo chake. Ningewaambia vijana wa kuchomelea wakunje paipu namna hiyo, kila moja ingetoka na tumbo lake, na kosa lingekuwa langu, si lao.

Kubana tufe hakukupi tufe fupi. Kuba la chini ni kipande kinachokatwa kwenye tufe kubwa zaidi, kama muuza madafu anavyofyeka kifuniko cha dafu. Kifuniko ni kifupi, lakini mviringo wake ni uleule wa dafu zima. Hili nilifundishwa darasani na mtihani nikafaulu. Programu ilinipa njia nyepesi, nikaifuata bila kujiuliza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua nusu ya upana, 4, izidishe kwa yenyewe: 16. Chukua kimo, 2, kizidishe kwa chenyewe: 4. Jumla 20. Igawanye kwa kimo mara mbili, yaani 4. Unapata 5. Tufe letu lina nusu kipenyo cha mita 5, na kitovu chake kiko mita 3 chini ya ukingo wa kuba.

"Mzee," nikamwambia, "msumari uko mita tatu chini ya ukingo. Kamba mita tano. Huku pembeni itakutoa mita nne."

Akanyanyua uso. "Tatu, nne, tano? Si skwea hiyo?"

Ndiyo, ni skwea. Ni ileile anayopigia kona za msingi tangu ujana wake: tatu upande huu, nne upande ule, na mshazari ukisoma tano, kona imekaa. Nilikuwa nimeitazama namba hiyo sekunde chache kabla na sikuiona. Yeye aliisikia tu.

Tukalichora palepale kwenye sakafu ya zege, kwa ukubwa wake halisi. Kijana mmoja akafagia. Mzee akagonga msumari wa zege, akapima mita 3, akapiga mstari wa kamba yenye unga wa chaki kuwa ndio ukingo. Kisha akafunga kipande cha chaki kwenye kamba ya mita 5 akaanza kutembea kinyumenyume, mkono umenyooka. Mstari ulipokutana na ukingo tulipima: mita 4 na milimita 6. Upande wa pili hivyohivyo. Akaigusa ile kamba ya nailoni kwa kidole gumba. "Inavutika hii." Akaikata, akachukua waya wa kufungia nondo, akaurefusha mpaka ukanyooka, akarudia. Mita 4 kamili, kushoto na kulia. Kileleni, mita 2.

Nikiwa nimesimama pale nilikumbuka safari yetu ya chuo kwenda Kilwa Kisiwani. Makuba ya Msikiti Mkuu yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na upanuzi wake mkubwa ni wa karne ya 14. Nilipiga picha nyingi sana siku ile, na sikupima hata kuba moja. Ningependa kurudi na futi.

Usiku huu nimechora upya. Nimeanza na tao la mita 5, nikalizungusha. Jambo jingine ambalo picha yangu ya kijani ililificha: duara la SketchUp si duara. Usipolibadilisha lina pande 24 zilizonyooka, na programu inalainisha mistari mpaka jicho linaamini ni mviringo. Kwa upana wetu, katikati ya kila upande ukingo unaingia ndani milimita 34. Nilitaka kuongeza pande zifike 96, pengo lipungue mpaka milimita 2 hivi. Nikaacha. Kwa pande 24, kila kipande cha chini kina upana wa mita 1.04, kinaingia kwenye shiti ya bati yenye upana wa futi 4 na nafasi ya kukunjia kingo inabaki. Halafu, kuba lililozungushwa hivi lina vipande bapa, havihitaji kupindwa viwe mviringo. Nimeligawa safu 6 kutoka chini hadi juu. Vipande 144, lakini maumbo ni sita tu, kwa sababu ndani ya safu moja vyote vinafanana. Safu ya juu ni pembetatu, zilizobaki ni trapeza.

Nimeongeza pia paipu nene ya duara kuzunguka ukingo. Kuba hili halishuki wima, linafika ukutani kwa mwinamo wa nyuzi 53, kwa hiyo litausukuma ukuta nje lisipofungwa.

Nimemtumia mzee karatasi moja yenye maumbo sita na vipimo vyake, hakuna kivuli wala rangi. Amejibu kwa sauti, nyuma yake nasikia watoto. Anauliza kama ninajua duka la friji Kariakoo ambalo haliuzi maboksi yake, maana anataka kukata violezo vya karatasi ngumu kabla hajagusa shiti hata moja. Nitapita Jumatatu asubuhi.