Jinsi nilivyoacha kuhangaika na orodha za vyakula nikaanza kuiuliza mashine ya sukari

Nilipoambiwa nina kisukari aina ya pili kila mtu alinipa marufuku yake. Usiguse wali, usiguse mkate, ndizi sumu, viazi ndo kabisa, yaani ukijumlisha yote unabaki na maji na majani, na tena orodha zenyewe zinapingana, huyu anakukataza hiki yule anakwambia hichohicho ndo dawa. Walikuwa wananitakia mema wote. Ila kilichonisaidia mimi ni ile mashine ndogo ya kupimia sukari, na zaidi ni namna ya kuitumia.

Mwanzoni nilikuwa napima asubuhi tu kabla sijala, kama wengi wetu. Namba hiyo ni muhimu lakini haikwambii ni chakula gani kinakupandisha. Nesi wa kliniki ndo akanielekeza: pima kabla ya kula, halafu hesabu masaa mawili tangu ulipoanza kula upime tena, na uandike ulikula nini na kiasi gani. Malengo aliyonipa, kwa kipimo cha mmol/L, ni kabla ya kula 4.4 hadi 7.2, na baada ya kula isifike 10. Mjamzito, mzee sana au mtu mwenye maradhi mengine anaweza kupewa malengo tofauti kwahiyo chukua ya daktari wako usichukue yangu. Na osha mikono kwanza ukaushe, kama umetoka kumenya tunda sukari iliyobaki kwenye kidole inakupa namba ya uongo na utapata wasiwasi bure.

Sasa ndo nikaanza kuona mambo. Wali sahani niliyozoea ulinipandisha vibaya sana. Wali uleule nikaupunguza ukawa robo ya sahani, nusu nzima nikaweka mboga za majani na robo iliyobaki maharage au samaki, sukari ikapanda kidogo tu. Halafu nikajaribu kuanza na mboga na maharage, wali nikaula mwisho, chakula kilekile kiasi kilekile, namba ikaja nzuri zaidi! Sababu yake ni kwamba nyuzinyuzi na protini zikitangulia tumbo linatoa chakula taratibu, kwahiyo glukosi, yaani sukari, inaingia kwenye damu polepole na insulini yako, ile homoni inayoshusha sukari, inaweza kuifuata. Kwa mimi hii ilikuwa habari njema kuliko zote maana nilishajiandaa kuuaga wali maisha.

Chungwa zima halikunisumbua, juisi ya machungwa ilinirusha juu hata kama haina sukari ya kuongeza. Glasi moja inabeba machungwa kadhaa na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, unameza kwa dakika moja. Juisi niliacha, soda pia, na sijutii.

Kutembea baada ya kula nako usikidharau. Sisemi mazoezi ya jasho, dakika 10 au 15 za kutembea tu, misuli ikifanya kazi inavuta glukosi hata kama insulini yako inafanya kazi kwa shida. Siku nikikaa tu baada ya kula naiona tofauti kwenye mashine.

Kitu kilichonichanganya sana ni asubuhi. Nalala sukari iko vizuri, sijala kitu usiku kucha, naamka iko juu, nikawa najiuliza imetoka wapi jamani? Kumbe ni ini. Alfajiri mwili unatoa homoni za kukuamsha, na ini linamwaga glukosi kwenye damu, asiye na kisukari insulini yake inaizuia lakini yetu inashindwa. Hapo kujinyima chakula cha jioni siyo jibu. Nilipeleka daftari langu kwa daktari, akaangalia namba na kurekebisha dozi ya metformini, kidonge changu cha kushusha sukari, ambayo nakunywa pamoja na chakula maana tumbo tupu linavurugika.

Wale mnaotumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi msipunguze wanga kwa fujo bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka chini ya 4, mtu anatetemeka, jasho, moyo unaenda mbio. Ikitokea chukua gramu 15 za sukari ya haraka, hapo juisi au soda ya kawaida nusu glasi ndo mahali pake, subiri dakika 15 upime tena, bado iko chini rudia.

Stripu, vile vijiti vya kuwekea damu kwenye mashine, zinaisha haraka najua, kwahiyo usipime kila kitu. Chagua mlo mmoja unaoula mara kwa mara, upime kabla na baada mpaka uujue, ndo uhamie mwingine. Milo yangu ya kawaida siipimi tena, napima nikila kitu kigeni, nikiumwa maana homa nayo inapandisha, au dawa ikibadilishwa, na baada ya miezi mitatu kipimo cha damu cha HbA1c kinaonyesha wastani wa sukari wa kipindi chote.