Yule Aliyekuwa Wangu

Usiku wa Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2019, sebuleni kwetu tulikuwa wanne. Mama alikuwa anasinzia kwenye kiti. Baba mdogo alikwishavaa viatu vya kazi, anangoja gari la wenzake wa zamu ya usiku. Mimi nilikaa chini kwenye zulia, na kwenye kochi alijinyoosha kwotabeki wa timu yetu ya shule, namba 12, aliyekuwa amemaliza sahani ya pili ya ugali na sombe na kuanza kuitupia macho sahani ya tatu.

Tulikuwa tunaangalia Cleveland Browns na Pittsburgh Steelers. Ukiishi kaskazini ya Ohio, mechi hiyo huangaliwa hata na asiyejua mpira wa Kimarekani. Browns walikuwa mbele 21 kwa 7, zimebaki sekunde 8. Mechi ilikwisha zamani, na baba mdogo alikuwa ameanza kutafuta kofia yake.

Ndipo Myles Garrett wa Browns alipomwangusha Mason Rudolph, kwotabeki wa Steelers, mpira ukiwa umeshatoka mkononi. Wakavurugana pale chini, Garrett akamvua helmeti, na waliposimama akampiga nayo kichwani, kichwa kitupu. Mara senta wa Steelers, Maurkice Pouncey, akamvaa Garrett: ngumi, kisha mateke.

Namba 12 aliruka kutoka kwenye kochi, sahani nusura imwagike. "Hivyo ndivyo! Hivyo ndivyo inavyotakiwa!"

Baba mdogo akaketi tena. "Huyu anayepiga mateke," akaniuliza, "ni wa timu ya aliyepigwa?"

"Ndiyo, baba mdogo. Kazi yake ni kumlinda yule."

"Haya, wewe unayecheza hapo mbele niambie. Kafanya vema au vibaya?"

Mama naye akafumbua jicho moja. Nikajifanya natafuta rimoti.

Kwa wasioujua mchezo huu, nieleze kidogo. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira na kuurusha, na wakati anatafuta wa kumrushia huwa hana kinga yoyote, macho yake yako mbali, mbavu ziko wazi. Mbele yake husimama watu watano wanene: senta katikati, magadi wawili, na wawili wa pembeni ambao jina lao la Kiingereza, tukilitamka kwa lafudhi yetu, linakuwa tako. (Baba mdogo aliposikia kwamba kocha aliwahi kufikiria kunichezesha tako, alicheka mpaka akakohoa.) Hawa watano hawarushi mpira wala hawaukimbizi. Hawafungi. Mtangazaji huwataja wakikosea tu. Kazi yao ni kumpa mtu mmoja sekunde tatu.

Mimi nilikuwa gadi wa kulia. Nilifika Marekani nikiwa na miaka 12, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, ambako nilizaliwa na ambako nilikuwa beki wa chandimu. Mwili niliupata huku huku, kwa mkate na maziwa ya shule. Kocha aliniona kwenye korido akaniuliza kama nimewahi kucheza mpira. Nikamjibu ndiyo, kila siku. Hakuna aliyesema uongo, ila kila mtu alikuwa na mpira wake kichwani.

Namba 12 alikuwa wa kwanza kunikaribisha mezani kwao wakati wa chakula cha mchana. Nyumbani hatukuwa na gari, kwa hiyo baada ya mazoezi yeye ndiye aliyenirudisha, na akifika hakosi kuingia ndani. Mama alimfundisha kusema shikamoo. Akaipenda mno, akawa anamwamkia kila mtu, hata mdogo wangu wa miaka saba, ambaye kwa raha zake alikuwa anaitikia "marahaba".

Sasa, Ijumaa moja ya Oktoba, mwaka huo huo. Tulikuwa ugenini. Mvua ilikuwa imekatika, taa za uwanja zinafuka mvuke, na kila ukiinama kuweka mkono chini vidole vinaganda kwenye majani. Robo ya nne, dakika moja na ushee imebaki. Wao 20, sisi 17. Mpira uko kwenye yadi 34 ya upande wao, jaribio la tatu kati ya manne, tunahitaji yadi 8 ili tupewe mengine manne. Mpigaji wetu, yule wa kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya nguzo kwa pointi 3, alikuwa kijana mdogo ambaye kutoka hapo hawezi kuufikisha mpira kwenye nguzo hata ukimfunga kamba. Tukisogea kidogo, anaweza.

Mpira ukatoka. Mtu wangu, yaani mpinzani niliyetakiwa kumzuia, yule wa ndani, hakunijia kifuani. Alikimbilia nje. Nikamfuata. Nikamfuata kwa nguvu na kwa furaha, kwa sababu alikuwa amenisumbua usiku mzima na sasa nilikuwa nimemshika vizuri. Jirani yangu wa pembeni alipiga kelele, "Badili! Badili!" Nilimsikia. Nasema leo kwamba nilimsikia.

Huo ni mtego mkongwe, na tulikuwa tumeufanyia mazoezi tangu Agosti. Watu wao wawili wanapishana: wa ndani anatoka nje ili akuburute, wa nje anazunguka nyuma yake na kupita mahali ulipotoka. Gadi anatakiwa amwachie jirani yake yule wa kwanza, abaki mahali pake, ampokee wa pili. Mimi niliacha mlango wazi, nikaenda kumfukuza mgeni barabarani.

Namba 12 alirusha mpira, ukaanguka nyasini bila mtu. Kisha hatua moja, hatua ya pili, ndipo yule wa pili alipofika na kumbamiza helmeti kwenye mbavu. Nilisikia kabla sijaona: sauti ya hewa inayotoka kwa mtu yote kwa mkupuo. Refa alitupa kitambaa cha njano papo hapo. Nilikiona kikiruka.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Kitambaa kilikuwa kimeshatupwa. Kosa la kumpiga mrushaji ni yadi 15, na majaribio yanaanza upya. Kutoka 34 tungekuwa kwenye 19. Mpigaji wetu kutoka hapo anaweza kusawazisha. Sheria ilikuwa imeshatulipia.

Nilimvaa kwa nyuma, tukaanguka, nikampiga ngumi ya helmeti. Kupiga helmeti kwa ngumi ni kama kupiga sufuria: anayeumia unamjua. Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia hakijanyooka mpaka leo. Nikapiga ya pili. Wenzangu wakaja, wenzake wakaja, na majukwaa yakawaka kelele kama vile ndiyo mechi waliyolipia.

Vitambaa viwili zaidi. Yadi 15 tulizopewa zikarudishwa zote, mpira ukawekwa pale pale kwenye 34. Mimi nikaonyeshwa njia ya kutoka. Majaribio manne, hatukufika popote. Tulifungwa 20 kwa 17.

Nikiwa nje ya uzio sikujuta hata chembe. Nataka niwe mkweli. Nilikulia mahali ambapo, kwenye foleni ya bomba la maji, dumu la mwenzako likisukumwa na wewe unasukuma, na ukiuliza kwanza nani ana haki, kesho huna mwenzako. Kwenye basi wachezaji walinipiga begani mmoja mmoja. Baba wa mchezaji mmoja, mtu mzima, alinipa mkono akasema kila kwotabeki anastahili kuwa na mtu kama mimi. Kupoteza mechi hakukutajwa. Namba 12 alikaa pembeni yangu, barafu imefungwa kwenye mbavu, akasema neno moja tu: asante.

Ile asante ndiyo iliyoninyima usingizi. Mbavu zilikuwa zake, lakini hakuwa ameona kilichotokea mbele yake. Alidhani yule mtu alinishinda nguvu, au alitokea kwingine. Hakujua kwamba mtu aliyempiga alikuwa wangu.

Jumamosi asubuhi tulikaa kwenye chumba cha video. Kocha wetu wa laini, yaani wa sisi watano wa mbele, alikuwa mzee mkimya, aliyecheza nafasi hiyo hiyo ujana wake, na magoti yake yalikuwa yanalia akipanda ngazi. Nilingoja anionyeshe ugomvi. Hakuuonyesha. Alisimamisha picha kabla hata mpira haujarushwa, akaweka alama ya mwanga mwekundu kwenye kiatu changu cha kushoto, kilichokuwa kinaondoka mahali pake. Akarudisha nyuma. Kiatu kikarudi. Akaachia. Kiatu kikaondoka. Mara nne, labda tano. Pengo likawa linafunguka na kufunga, na yule mtu anaingia na kutoka, anaingia na kutoka. Hakusema ni kiatu cha nani. Chumba kizima kilikuwa kinajua.

Kisha akaiacha video iendelee. Kamera ilikuwa juu jukwaani, inaonyesha uwanja mzima. Upande mmoja nilikuwa mimi na rundo la watu. Upande mwingine, peke yake kabisa, namba 12 anajaribu kukaa. Anashindwa. Anajaribu tena. Mwezi Agosti, siku ya kwanza ya mazoezi, mzee huyo alitupa amri moja kabla hajatufundisha lolote: kwotabeki akianguka, mkono wa kwanza kumfikia uwe wa mmoja wenu. Kwenye video mkono ulimfikia. Ulikuwa na glavu nyeupe. Sisi tulivaa nyeusi. Mchezaji wao mmoja aliyekuwa amekaa mbali na ugomvi alimwinamia, akamshika kwapani, akamsimamisha, akamsubiri mpaka apumue.

Kocha akazima mashine. "Jumatatu, saa ileile," akasema.

Kwenye gari namba 12 hakuwasha redio. Tulipita taa ya kwanza, tukapita ya pili.

"Alikuwa wako?"

"Alikuwa wangu."

"Ungeniambia kwenye basi."

Nikasema ndiyo, ningemwambia. Tulipofika hakuingia ndani, na Mama akauliza mgeni wake kapatwa na nini.

Mechi iliyofuata nilikaa nje kwa adhabu, nimevaa jezi juu ya koti, nawapelekea wenzangu maji. Nilirudi mechi ya mwisho ya msimu. Robo ya pili, upande ule mwingine wa laini ukavunjika, namba 12 akaenda chini. Nilikimbia sijawahi kukimbia vile. Nikamfikia, nikampa mkono. Aliutazama kwanza, akatazama na kile kidole kilichofungwa bandeji.

"Umechelewa wiki mbili," akasema. Kisha akaushika.

Kwa hiyo usiku ule wa Novemba, aliporuka kutoka kwenye kochi kumshangilia Pouncey, nilimwangalia kwa mshangao. Yeye, wa watu wote! Mbavu zake zilikuwa bado zinamuuma akipiga chafya. Lakini ndivyo ilivyo kwa wanaolindwa, wanapenda kuona mtu amekasirika kwa ajili yao, na siwezi kumlaumu. Shuleni kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, Pouncey ni shujaa, ingawa wengi wa wanaosema ni mashabiki wa Browns. Hata ligi yenyewe ilimtazama kwa jicho la huruma: ilimfungia mechi 3, alipokata rufaa zikabaki 2, wakati Garrett alikaa nje mechi 6 zote zilizobaki za msimu. Kuhusu Garrett sina la kusema zaidi. Helmeti kwenye kichwa kitupu haina pande mbili.

Ila sebuleni walikuwa wanarudia picha, na katika marudio ya tatu au ya nne niliona kitu ambacho namba 12 hakukiona, kwa sababu ni watu wa laini tu wanaowatazama watu wa laini.

"Baba mdogo," nikasema, "usimtazame huyo wa mateke. Mtazame namba 66."

"Yuko wapi?"

"Huyo hapo, mnene. Aliyemlaza Garrett chini."

Alikuwa David DeCastro, gadi wa kulia wa Steelers, nafasi yangu. Amemshika Garrett kiwiliwili, amemtoa kwa kwotabeki, amemwangusha, amemlalia kwa uzito wake wote. Hakumrushia hata ngumi moja. Pouncey alikuwa anapiga mtu ambaye tayari alikuwa chini ya mwenzake.

Baba mdogo alisogea karibu na kioo, akakunja uso. "Lakini huyu hafanyi kitu. Amelala tu juu ya mtu."

"Ndiyo."

"Na ndiye unayeniambia nimtazame."

"Ndiye huyo, baba mdogo."

Namba 12 alikuwa ameacha kushangilia. Akaketi taratibu, mkono mmoja ubavuni, akaanza kuangalia marudio upya tangu mwanzo, mdomo umeachama kidogo kama anavyokuwa darasani kwenye hesabu.

Nje honi ikalia. Baba mdogo akachukua kofia, akasimama mlangoni akitikisa kichwa, na namba 12, bila kutoa macho kwenye televisheni, akamuaga kwa neno pekee alilolijua.

"Shikamoo."

"Marahaba," baba mdogo akaitikia, akatoka kwenda kazini.