Bando la familia: pima nyumba kwanza, bei baadaye

Familia nyingi huchagua mtandao kwa kuangalia nani anatoa GB nyingi kwa pesa ileile. Bando likishanunuliwa, mama anatoka nje kupokea simu na watoto wanagombania kiti cha dirishani. Bei ziko kwenye menyu, dakika mbili umeshazisoma. Kazi kubwa iko kwenye nyumba yenyewe.

Azima laini kwa ndugu na majirani, moja ya kila mtandao unaoufikiria: Vodacom, Airtel, Yas (iliyokuwa Tigo), Halotel, TTCL. Zote zipime kwa simu moja. Ukitumia simu tofauti, utakuwa unapima simu badala ya mtandao. Vipau vya juu ya kioo usivitegemee, kila mtengenezaji anavipanga anavyojua. Tafuta namba ya dBm, yaani nguvu ya mawimbi kwa desibeli: kwenye Android nyingi iko ndani ya mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, kwenye hali ya laini. Kwenye iPhone piga *3001#12345#* kisha tafuta RSRP, ndiyo namba hiyohiyo kwa 4G.

Namba hiyo ni hasi, kwa hiyo -85 ni bora kuliko -105. Kwa 4G, kuanzia -95 kuja juu hakuna malalamiko. Kati ya -95 na -108 hivi mambo yanaenda, ingawa video itasitasita. Ikishuka chini ya -112, simu zinakatika na chaji inaisha haraka, maana simu inaongeza nguvu ili ifike mnarani. Tofauti ndogo zisikudanganye: zikipungua desibeli 3, nguvu imebaki nusu, zikipungua 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Ila usilinganishe -100 ya 4G na -100 ya 2G. Vipimo vyake si sawa, na -100 ya 2G ni mbaya kabisa.

Pima pale simu inapokaa kweli: kitandani, jikoni, sebuleni. Funga milango na madirisha kama mnavyolala. Ukibadilisha laini au chumba, subiri dakika moja namba itulie. Rudia kati ya saa 2 na saa 4 usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Usiku namba ya dBm inaweza kubaki palepale huku intaneti ikitambaa. Hapo mnara umeelemewa na watu, na antena yoyote utakayonunua haitasaidia.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi hulisahau. Piga simu ya kawaida, na wakati mnaongea tazama alama ya 4G. Ikibaki 4G, sauti inapita hukohuko kwa VoLTE, yaani simu ya kawaida juu ya 4G. Ikigeuka H au E, simu imeshuka kwenye 3G au 2G, na ubora wa maongezi utategemea 3G au 2G ya mtandao huo hapo nyumbani. Ndiyo maana laini yenye intaneti kali inaweza kukatakata maongezi. Bibi mwenye kitochi cha 2G naye apimiwe kwa kitochi chake.

Kwa nini barazani kuna mtandao na chumbani hamna? Mabati yanarudisha mawimbi yalikotoka, zege lenye nondo linayameza, na vioo vya kiza vyenye utando wa chuma vinafanya yote mawili. Masafa ya chini ya mawimbi, yaani 700, 800 na 900 MHz, hupenya kuta vizuri zaidi. 1800 na 2100 hubeba mzigo mkubwa lakini huchoka ukutani. Simu nayo lazima iyakubali masafa hayo. Baadhi ya simu zilizotumika kutoka Marekani hazina bendi 20 (800) wala bendi 28 (700), zikifika kwetu zinalaumiwa bure, au mtandao unalaumiwa bure.

Si lazima familia nzima iwe mtandao mmoja. Siku hizi kuna dakika za mitandao yote, kwa hiyo simu ya laini mbili inaweza kubeba sauti upande mmoja na data upande mwingine. Faida nyingine ni akiba mnara ukizimika, lakini hakikisha kwanza: minara mingi ni ya kampuni kama Helios Towers, zinazopangisha mitandao kadhaa juu ya mnara uleule. Umeme ukikatika muda mrefu, angalia kama laini zote mbili zinapotea pamoja. Zikipotea pamoja, huna akiba.

Kwa data ya nyumba nzima, ruta ya 4G yenye laini moja ni nafuu kuliko kila mtoto na bando lake. Iweke dirishani upande wa mnara. Ikiwa ina matundu ya antena ya nje, funga antena juu ya bati na kebo iwe fupi. Kebo nyembamba ya mita 10 inakula zaidi ya nusu ya nguvu uliyoikusanya. Viongeza mtandao vya bei rahisi visivyoidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, achana navyo, vinavuruga mnara na majirani.

Ukiwa na mtandao, ndipo uhesabu GB. Video ya 480p hula kama nusu GB kwa saa au zaidi kidogo, ya 720p GB moja na ushee. Nunua bando la siku, kisha la wiki, ndipo la mwezi.

Kuhama bila kubadili namba kumeruhusiwa Tanzania tangu Machi 2017. Nenda kwa wakala wa mtandao mpya na kitambulisho. Kabla ya hapo lipa salio ulilokopa, maliza bando, na toa pesa zote kwenye pochi ya simu, kwa sababu namba inahama ila pochi haihami. Wanaokutumia pesa waambie mapema: namba inayoanza na 0754 si lazima iwe Vodacom tena.