Mshahara usiokatwa kodi: nilivyojipanga kabla ya kutoka Lubumbashi kwenda Dubai

Watu husema Dubai mshahara haukatwi kodi, na ni kweli. Mwajiri akikuandikia dirham 9,000, ndizo zinazoingia benki. Kwa mtu wa Lubumbashi aliyezoea kuisoma karatasi yake ya mshahara kila mwisho wa mwezi, habari hiyo peke yake inatosha kumfanya atafute sanduku. Mimi nilikuwa fundi wa mashine nzito kwenye kampuni inayohudumia migodi, kwa dola 2,000 kabla ya makato. CNSS, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, ilichukua asilimia 5. Baada yake IPR, kodi ya mshahara, ambayo wakati ule ilipanda kwa ngazi, asilimia 3, 15, 30, hadi 40 kwa ngazi ya juu kabisa, ingawa jumla yake haikuruhusiwa kuvuka asilimia 30. Nyumbani nilifikisha kama dola 1,370. Kwa hiyo karakana moja ya Jebel Ali, huko Dubai, iliponitumia barua ya ofa ya dirham 9,000, karibu dola 2,450, mdogo wangu alisema hapa hakuna cha kufikiri.

Mimi na mke wangu tulifikiri. Yeye ndiye aliyeanza: "Baba, batoto batasoma wapi? Na nani atalipa?"

Swali hilo liligeuza hesabu yote. Dubai wageni karibu wote wanasomesha watoto kwenye shule za binafsi, na ada inalipwa na mzazi isipokuwa mkataba useme vingine. Watoto wetu wanasoma Kifaransa. Shule za mtaala wa Ufaransa zipo, lakini kwa mshahara wa fundi hazishikiki. Zilizo nafuu zaidi ni zile za mtaala wa India, na humo masomo ni kwa Kiingereza. Kumhamisha mtoto wa darasa la tano kutoka Kifaransa hadi Kiingereza kwa sababu tu baba yake hakatwi IPR, mke wangu alikataa, na alikuwa na haki.

Kisha nyumba. Tulichukua mfano wa nyumba yenye chumba kimoja cha kulala, pango dirham 60,000 kwa mwaka. Kule pango halilipwi kwa mwezi kama huku. Wenye nyumba wengi wanataka mwaka mzima kwa hundi chache, nne, mbili, hata moja. Juu yake kuna amana, kwa kawaida asilimia 5, yaani 3,000. Wakala wa nyumba anachukua asilimia 5, tena 3,000. Umeme na maji wanataka amana ya 2,000. Na manispaa ya Dubai inatoza asilimia 5 ya pango la mwaka, imegawanywa ndani ya bili ya umeme na maji ya kila mwezi. Haiitwi kodi ya mapato, lakini inatoka kwenye mshahara uleule. Dukani nako kuna TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 5 tangu 2018, ndogo ukilinganisha na asilimia 16 yetu, lakini ipo.

Tulipomaliza kujumlisha, jibu lilikuwa wazi. Familia nzima ikihama, kinachobaki mwisho wa mwezi ni kidogo kuliko Lubumbashi. Nikienda peke yangu na kampuni ikinipa malazi, kinachobaki ni zaidi ya mshahara wangu wote wa zamani. Nchi isiyo na kodi inamfaa sana mtu ambaye nyumba na shule vinalipwa na mwingine. Tukaamua niende, mke wangu abaki na watoto na biashara yake ya soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, na nikamwandikia mwajiri kuomba malazi na tiketi ya kurudi nyumbani kila mwaka. Alikubali vyote viwili.

Jambo ambalo watu wengi wanalipita haraka ni mgawanyo wa ule mshahara. Ofa yangu ya kwanza ilisema 4,000 za msingi na 5,000 za posho. Jumla ni ileile, kwa hiyo mtu anaweza kusaini huku anacheka. Lakini malipo ya mwisho wa kazi, ambayo kule ndiyo yanayoshika nafasi ya pensheni kwa mgeni, yanahesabiwa kwa mshahara wa msingi tu: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Kwa 4,000 za msingi, mwaka mmoja unazaa dirham 2,800. Kwa 6,000 unazaa 4,200. Niliomba 6,000 za msingi na 3,000 za posho. Mwajiri hakubishana sana, maana kwa mwezi hakuongeza hata dirham moja.

Makaratasi ndiyo yaliyotuchosha. Diploma yangu ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ilibidi ithibitishwe Kinshasa, wizara kwa wizara, kisha ipelekwe ubalozi wa Falme za Kiarabu, na ikifika kule igongwe muhuri tena na wizara yao ya mambo ya nje. Kutoka Lubumbashi huwezi kwenda Kinshasa asubuhi ukarudi jioni kwa basi. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayeishi Kinshasa alinisaidia kupanga foleni. Bila ndugu Kinshasa ningelipa tiketi za ndege. Na kwa sababu karatasi zetu ni za Kifaransa, zinahitaji mtafsiri wa sheria anayetambuliwa kule, azigeuze kwa Kiarabu.

Tulithibitisha pia karatasi za familia, hata kama familia haihami. Siku moja utataka mke aje kukaa, na watakuomba cheti cha ndoa ya serikali. Sisi tulikuwa tumefunga ya kommuni, yaani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kwa hiyo tulikuwa salama. Rafiki yangu mmoja wa Katuba ameoa kimila na kanisani tu, mahari yote imelipwa, familia mbili zinaheshimiana, lakini hana karatasi ya kuonyesha. Vyeti vya watoto vilevile: sheria yetu inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto kommuni, zikipita unatafuta hukumu ya tribinali. Mambo haya yafanye ukiwa bado unapokea mshahara Lubumbashi, usisubiri ukiwa Dubai ukituma ujumbe usiku.

Pesa ya viza sikulipa. Mtu mmoja mjini aliyejiita wakala alitaka dola zangu "za kufungua dosye", yaani faili. Sheria ya kazi ya kule inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, na inamkataza pia kumshikia pasipoti. Nilimwuliza mwajiri moja kwa moja kwa maandishi, akajibu analipa yeye. Wakala hakunipigia tena. Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi nilipima damu na kupiga picha ya kifua hapahapa, kwa sababu kule ukaazi unategemea vipimo hivyo, na mwenye VVU au kifua kikuu anaweza kunyimwa. Ni afadhali uyajue majibu yako ukiwa kwenu.

Huku nyuma pia kuna kodi inayobaki. Tuna nyumba ndogo ya kupangisha Kampemba, na kodi ya mapato ya nyumba hiyo inalipwa Haut-Katanga, jimbo letu, kwa DRHKAT, ofisi yake ya kodi, hata mwenye nyumba akiwa Dubai. Nilimwandikia mke wangu idhini ya kusaini kwa jina langu mbele ya noteri, ili mpangaji na ofisi wote wajue wa kuongea naye. CNSS niliwaomba waniandikie michango yangu yote tangu kazi ya kwanza, na nilikagua mwaka kwa mwaka kwa kulinganisha na karatasi zangu za mshahara.

Ukaazi wa kule umefungwa kwenye kazi. Kazi ikiisha, una muda mfupi wa kupata nyingine au kuondoka, na ukikaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita mfululizo unaupoteza. Uraia hauji kwa kukaa miaka mingi. Katiba yetu nayo, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Kwa hiyo uzee wangu nimeuhesabia Lubumbashi.

Ndiyo maana dirham zinapoingia, dola 400 zinatoka siku hiyohiyo kwenda kwenye akaunti ya Lubumbashi yenye majina yetu mawili. Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo kiasi hakiyumbi; ada ya kutuma ndiyo ninayoilinganisha kabla ya kuchagua dirisha. Zamani CNSS ilikata bila kuniuliza. Sasa nakata mwenyewe, na mke wangu ananitumia picha ya risiti ya benki kila zinapofika.